Wembe Hauoni: Kimio, Kelele za Koo na Mishipa Inayopita Njia Yake

SEHEMU YA 1: ILE KANGA

Mimi ni nesi wa wodi ya watoto, nina diploma yangu ya uuguzi na huu ni mwaka wa kumi na moja nipo kazini. Si daktari na sijifanyi daktari. Ila leo naandika nikiwa na hasira, mnisamehe mapema.

Wiki iliyopita niliweka posti fupi nikasema acheni kukata watoto vimio. Komenti zilizokuja! Eti nesi umesoma ukasahau ulikotoka. Eti sisi sote tulikatwa na tupo. Eti hospitali mnataka hela za vipimo tu. Nikasema sawa, ngoja nikae chini niwajibu wote, sehemu kwa sehemu. Asiye na muda asome hii ya kwanza na ya mwisho.

Nianze na mtoto mmoja. Sitasema jina wala ni hospitali gani. Miezi 9, wa kiume. Aliletwa usiku nikiwa zamu, amefungwa kwenye kanga iliyolowa damu mpaka imekuwa nzito. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amekatwa kimio. Fundi alisema damu itakata yenyewe, wakasubiri. Mchana ikaendelea, wakasubiri. Jioni mtoto akawa halii tena, na hapo ndipo mama yake alipokimbia.

Hebu tupige hesabu pamoja. Mtoto mdogo ana damu kama mililita 80 kwa kila kilo ya uzito wake. Yule alikuwa na kilo 7. Yaani damu yote mwilini haifiki hata lita moja, ni kama mililita 560. Kikombe kidogo cha kahawa kikimwagika, wewe mtu mzima hata hutajua. Yeye ameshapoteza sehemu ya kumi ya damu yake yote. Na nyingine alikuwa anaimeza, kwa hiyo ile mliyoiona kwenye kanga haikuwa yote.

Tuliwahi. Tulipata mshipa, tulipata damu ya kundi lake, daktari alizuia pale palipokatwa. Asubuhi mtoto alifungua macho.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo somo langu linapoanzia. Damu ilikata, dripu ikaisha, homa haipo. Lakini mtoto bado anatoa ile kelele kooni. Krrr akivuta pumzi, krrr akiitoa. Kelele ile ile iliyofanya apelekwe kukatwa. Kimio hakipo tena, kelele ipo.

SEHEMU YA 2: "SISI SOTE TULIKATWA"

Hii ndiyo komenti iliyopata likes nyingi kuliko zote, basi tuijibu.

Dada, wewe umekatwa na upo, namshukuru Mungu. Lakini aliyekatwa akafa hawezi kukujibu. Waliokufa hawaandiki komenti. Mimi ndiye niliyewafunika shuka.

Ya pili, mnasema mtoto alikuwa anakohoa, akakatwa, baada ya wiki akapona. Ni kweli alipona. Kikohozi cha mafua huwa kinaisha chenyewe ndani ya wiki moja mbili, ukate kimio au ukate kucha. Wembe umepewa sifa ya kazi uliyoifanya mwili wa mtoto.

Ya tatu, "kimio chake kilikuwa kirefu." Mfungue mdomo mtoto yeyote anayelia, utaona kimio kimening'inia na kimekuwa chekundu. Akiwa na mafua kinavimba kidogo. Si ugonjwa huo. Kimio kina kazi yake: kinasaidia kulainisha koo, na kinashirikiana na kaakaa laini kuziba njia ya puani unapomeza. Mungu hakukitundika pale kama pambo.

Na kwa bibi zangu, maana najua wengi wenu ndio mnaosema "mpelekeni kwa fulani akamtoe kimio": bibi, shikamoo. Siwalaumu kwa nia. Mlikuwa mnaona mtoto anapaliwa, hanenepi, anakoroma akiwa macho, na hapakuwa na mtu wa kuwaambia ndani ya koo kuna nini. Mlitumia mlichokuwa nacho. Ninachowaomba ni hiki: leo kuna namna ya kuangalia. Na wembe hauoni. Mkono wa fundi hata uwe mzoefu vipi, hauoni kilicho nyuma ya ile nyama.

Tena wembe wenyewe umepita kwa watoto wangapi kabla ya wako? Tumepokea waliopata maambukizi ya damu kwa sababu ya kidonda kile. Pepopunda inaingia kwa njia hiyo hiyo, na virusi vya UKIMWI pia. Yote hayo kwa kutibu kitu ambacho hakikuwa ugonjwa.

SEHEMU YA 3: KUMBE ILIKUWA NINI?

Asubuhi ile daktari alipopita raundi alimuuliza mama swali moja ambalo hakuna aliyekuwa amewahi kumuuliza: "Kelele hii ilianza lini?"

Mama akajibu, "Tangu kabla ya arobaini."

Daktari akanyamaza kidogo. Akauliza akinyonya inakuwaje. Inazidi. Akilia? Inazidi. Tangu ameanza uji? Anapaliwa, na vyakula vigumu anavitema vyote. Akilala? Anarudisha kichwa nyuma, shingo imenyooka. Daktari akaandika: eksirei ya kifua, kisha picha ya kumeza.

Kwa kifupi, mtoto yule alikuwa na pete ya mishipa ya damu shingoni chini, pale shingo inapoingia kifuani. Bomba la hewa na umio vimezungukwa na mshipa mkubwa, kama kidole kilichovishwa pete inayobana. Ndiyo maana pumzi inapita kwa kelele. Ndiyo maana chakula kigumu hakishuki.

Inatokeaje? Wiki za mwanzo kabisa za mimba, wengine hata hamjajua mna mimba, mishipa mikubwa ya shingo ya mtoto inajengwa kama matao, kulia na kushoto, kwa jozi. Mengine yanajengwa na kutoweka. Yanayobaki ndiyo yanakuwa aota, ule mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, na karotidi, ile unayoisikia inadunda ukiweka vidole pembeni ya koromeo, inayopeleka damu kichwani. Kwa watu wengi tao la kushoto la aota linabaki, la kulia linatoweka. Yakibaki yote mawili, moja linapita mbele ya bomba la hewa, jingine linapita nyuma ya umio, halafu yanakutana tena. Hapo umepata pete.

Mama, hukufanya kosa lolote. Si ulichokula, si jicho la mtu, si laana ya ukoo. Ni ujenzi ulipita njia nyingine.

Na pete ni aina moja tu. Karibu mtu 1 kati ya 100 mshipa unaopeleka damu mkono wa kulia unaanzia mahali tofauti, kisha unakatiza nyuma ya umio kuufuata mkono. Wengi wao hawajui mpaka wanazeeka. Wachache wanapata shida ya kumeza. Wapo pia ambao karotidi ya ndani, badala ya kupita pembeni nyuma ya findo la koo, imejikunja na kuja hadi kwenye ukuta wa nyuma ya koo, pale pale unapopaona mdomo ukifunguliwa. Inaonekana zaidi kwa watoto waliozaliwa wamekosa kipande kidogo cha kromosomu ya 22, ambao wengi wana tatizo la moyo na la kaakaa. Daktari wa upasuaji akitaka kumfanyia mtoto wa namna hiyo kazi kooni, kwanza anaangalia kama kuna kinachodunda, na anataka picha. Daktari, mwenye taa, mwenye damu ya akiba, mwenye miaka ya shule, anataka picha kwanza. Fundi wa kimio ana wembe na goti la kumbania mtoto.

Sasa niambieni nani kati yao anajiamini kupita kiasi.

SEHEMU YA 4: NA SISI WA HOSPITALI TUKAE TUSEMWE

Msidhani nimekuja kuwasema wazazi peke yao.

Nilipofungua kadi ya kliniki ya yule mtoto niliona ameshakuja kwetu mara 4. Mara mbili "nimonia", dawa ya kuua vijidudu, nyumbani. Mara mbili "kifua kinabana", mvuke, nyumbani. Na moja ya zile mara mbili za mvuke, mwandiko ulikuwa wangu.

Niliusoma mara mbili. Ni mimi. Nilimshikia kifaa cha mvuke puani, nikamwambia mama yake, "Kifua kitatulia mama, usiwe na wasiwasi." Sikuuliza ilianza lini. Foleni ilikuwa ndefu, nilikuwa peke yangu. Hiyo ni sababu, lakini haimsaidii mtoto aliyebanwa.

Yule mama alikuja kwetu mara 4 kabla ya kwenda kwa fundi. Mara 4 tulimrudisha na kelele yake. Kwa hiyo tunapomuuliza kwa ukali "kwa nini ulimpeleka kwa mkata vimio?", jibu ni kwamba fundi ndiye mtu wa kwanza aliyemwambia "tatizo lipo kooni". Alikosea kitu chenyewe na dawa yake, lakini angalau alielekeza kidole mahali panapokaribia. Sisi tulikuwa tunasikiliza kifua tu.

Wenzangu wa afya mnaonisoma: mtoto anayerudi na kelele ile ile ya pumzi, isiyosikia mvuke, iliyoanza tangu mchanga, inayozidi akila, huyo si wa kupewa chupa nyingine ya dawa. Huyo anahitaji mtu aone ndani. Na kama kituo chetu hakina kipimo, tuandike rufaa. Kalamu tunayo.

SEHEMU YA 5: "PICHA NI BIASHARA YENU"

Haya, tuje kwenye hela.

Mwaka 1794 daktari mmoja Mwingereza, David Bayford, alichapisha habari za mwanamke aliyeteseka miaka mingi kwa kushindwa kumeza, mpaka akafa. Chanzo kilijulikana alipopasuliwa akiwa maiti: ule mshipa wa mkono wa kulia umepita njia isiyo yake. Bayford aliuita mchezo wa maumbile. Wakati ule hapakuwa na njia nyingine ya kuona ndani ya shingo ila kuifungua, na huwezi kuifungua ya mtu aliye hai kwa ajili ya kuangalia tu. Eksirei iligunduliwa 1895. Na mwaka 1945 daktari Robert Gross, kule Boston, Marekani, alimpasua mtoto mwenye pete kama ya mtoto wetu na kuikata ile pete, mtoto akapumua.

Kwa hiyo mnaponiambia picha ni biashara, mimi namfikiria yule mama wa zamani ambaye jibu lake lilipatikana kwenye jeneza. Picha ndiyo tofauti kati yake na mwanao.

Lakini sisemi kila mtoto anayekohoa apigwe CT. Sikilizeni vizuri hapa, msije mkanisingizia. Vipimo vina ngazi yake:

Kwanza, historia na macho ya daktari. Hiyo haina mashine.

Pili, eksirei ya kifua. Hospitali nyingi za wilaya wanayo. Inaweza kuonyesha bomba la hewa limesukumwa au limebanwa.

Tatu, picha ya kumeza. Mtoto anameza dawa nyeupe kama uji, inaitwa bariamu, huku eksirei inaangalia. Kama kuna mshipa nyuma ya umio, unaona umio umebonyea mahali pale. Kwa mtoto wetu ulibonyea pande zote mbili.

Nne, eko, yaani ultrasaundi ya moyo. Haina mionzi, haiumi.

Tano ndiyo CT ya mishipa. Anachomwa dawa ya rangi kwenye mshipa, mashine inazunguka muda mfupi, na unapata ramani kamili: mshipa gani unatoka wapi na unapita wapi. Hii ina mionzi, kwa hiyo haifanywi kwa kujaribu bahati. Kuna MRI pia, haina mionzi, ila inachukua muda na mtoto mdogo mara nyingi inabidi alazwe usingizi kwa dawa.

Na mama unayeona uvimbe shingoni kwa mtoto, hasa ule unaodunda au unaokua akilia: usiukande kwa mafuta, usiruhusu mtu autoboe. Ultrasaundi yenye dopla inaonyesha damu inayotembea. Dakika chache unajua kama ni tezi, ni usaha, au ni mshipa. Aliyetoboa mshipa akidhani ni jipu hapati nafasi ya kuomba radhi.

Gharama nazijua, na mimi nalipa kodi ya nyumba. Kwa sera, watoto chini ya miaka 5 wana msamaha kwenye vituo vya serikali. Najua mnavyozungushwa, ndiyo maana nasema: usiondoke dirishani kimya. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii, ipo ndani ya hospitali, kazi yao ni wewe. Na mkumbuke fundi naye hakati bure. Ukijumlisha malipo yake, na nauli ya usiku, na siku za wodini, na ndugu waliotoa damu, nani kawa rahisi?

SEHEMU YA 6: UKIPEWA KARATASI, USIZIMIE

Juzi kuna mdogo wangu kanitumia picha ya majibu ya mama yake akilia. Mama kapigwa CT ya kichwa baada ya kuanguka, wameandika mishipa yake "si ya kawaida". Anauliza mama anakufa lini.

Hafi kwa hilo. Tofauti za mishipa ni kama tofauti za mistari ya viganja. Chini ya ubongo kuna duara la mishipa linaloitwa kwa jina la Thomas Willis, aliyelieleza kwenye kitabu chake cha mwaka 1664. Ukifungua vitabu limechorwa zuri, duara kamili. Kwa watu halisi, walio nalo kamili kama mchoro hawafiki nusu. Kwa hiyo neno "tofauti" kwenye karatasi si sawasawa na neno "ugonjwa". Muulize daktari maswali mawili tu: Je, inambana au kumzuia kitu? Je, kuna la kufanya sasa au ni la kujua tu?

Likiwa la kujua tu, lijue kweli. Tunza karatasi kwenye kadi ya mtoto. Siku moja atakuwa mtu mzima, labda atahitaji kufanyiwa upasuaji wa rovu. Yule ambaye mshipa wa mkono wa kulia umepita nyuma ya umio, neva yake ya sauti upande wa kulia nayo haipiti ilikozoeleka. Daktari akijua mapema anaitafuta na kuilinda. Asipojua, anaweza kuigusa, na mgonjwa akaamka sauti imekwenda. Karatasi moja uliyoitunza inaweza kumlindia mwanao sauti yake miaka 30 ijayo.

Na ukitoa karatasi ile kwa aibu, ukificha ili watu wasiseme mtoto ana kasoro, umemnyima ramani.

SEHEMU YA 7: YA KUSHIKA

Nafunga. Usiyekumbuka mengine yote, kumbuka haya.

Kelele ya pumzi iliyoanza tangu uchanga, inayozidi akinyonya au akilia, kupaliwa kila alapo, kukataa vyakula vigumu, "nimonia" zisizoisha, kulala kichwa kimerudishwa nyuma. Sababu ni nyingi, na nyingi kati ya hizo si pete. Kuna watoto ambao koromeo lao ni laini tu na wanakua linakaza lenyewe. Lakini hakuna hata sababu moja kati ya hizo inayotibiwa kwa kukata kimio. Hakuna.

Mrekodi kwa simu akiwa anapumua na akiwa anakula. Mkifika kwa daktari mtoto huwa anatulia, halafu unaonekana mama mwenye wasiwasi. Video haibishani.

Ukirudi mara ya tatu kwa tatizo lile lile, sema hivi, kwa adabu: "Daktari, hii ni mara ya tatu. Ilianza tangu akiwa mchanga. Naomba tuangalie ndani, au mniandikie rufaa." Hii ni kanuni yangu mimi, baada ya ule mwandiko wangu kwenye kadi.

Midomo ikigeuka bluu, mbavu zikizama kila pumzi, au akiacha kupumua kidogo wakati wa kunyonya, hapo husubiri kesho. Kimbia usiku huo huo.

Yule mtoto alipelekwa hospitali kubwa ya rufaa, pete ikakatwa. Kelele haikuisha siku ile. Bomba la hewa lililobanwa miezi 9 linabaki laini kwa muda, waliambiwa wawe na subira. Mwezi uliopita mama yake alipita wodini kutusalimia. Mtoto anatembea. Alikuwa na kipande cha muhogo mkononi, anatafuna, makombo yamejaa kifuani. Nikainama nikaweka sikio karibu na shingo yake kwa muda mrefu mpaka akanisukuma uso.

Mama akacheka, akasema, "Nesi, unatafuta nini?"

Sikumjibu. Kadi yake ninaikumbuka.

Mshirikishe mwenzako mwenye mtoto mchanga. Na mama mkwe akisema kimio, msomee sehemu ya pili taratibu, kwa heshima, kisha mshike mkono mwende wote hospitali. Bibi akiiona picha kwa macho yake, hatakubali tena wembe.